Nyasi Chini ya Lengalenga: Matandazo ya Bustani na Hatari ya Moto Kambini

Maandishi ya kipindi. Kwa vikundi vya wasikilizaji: msomaji mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mahali palipoandikwa "simameni" msimame mzungumze kabla ya kuendelea.

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole, kisha unaisha.)

Leo tunazungumza juu ya bustani na juu ya moto kwa pamoja, kwa sababu kambini vitu hivi viwili vinakaa karibu kuliko tunavyodhani.

Hapa Rusizi, ambako wazee wengi bado wanaita Cyangugu, mvua inakatika kuelekea mwisho wa Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, Impeshyi kwa Wanyarwanda, Ici kwa Warundi. Udongo wa kilimani unakuwa mgumu kama tofali. Lengalenga uliyoimwagilia asubuhi, ukiitazama saa nane mchana imelala. Maji ni ya foleni, dumu moja lina kazi kumi, na bustani inapata kinachobaki. Hapo mkulima anayejua kazi yake anatafuta kitu cha kufunika udongo.

Kitu hicho kinaitwa matandazo. Wanyarwanda wanakiita isaso, na ukipita kwenye vilima vya kahawa kati ya Rusizi na Nyamasheke utayaona chini ya mikahawa: nyasi, majani ya mgomba, mabua, yamelazwa kama kitanda. Wewe uliyetoka Walungu, Kabare au bonde la Ruzizi hukuhitaji kufundishwa na mtu. Mama yako alifanya hivyo. Matandazo yanazuia jua lisipige udongo moja kwa moja, yanashikilia unyevu, yanazuia magugu, na yakioza yanakuwa chakula cha mimea. Kwa mtu mwenye dumu moja la maji, hayo ni mambo makubwa. Ndiyo maana sitakuambia uache kutandaza. Kuna watu wanaoona njia ya kuepuka moto ni kupiga marufuku nyasi zote bustanini. Nafikiri wanakosea. Ukiiacha bustani wazi mwezi wa Julai, mboga inakufa, na mtoto anakosa mboga kwenye sahani.

Lakini angalia jambo hili. Kinachofunika udongo vizuri wakati wa jua mara nyingi ni kitu kikavu, chepesi, chenye hewa ndani yake. Na tunapotaka kuwasha mbabula asubuhi tunatafuta nini? Kitu kikavu, chepesi, chenye hewa ndani yake. Ni nyasi zile zile. Tunazihitaji zaidi katika miezi mitatu ambayo zinawaka kwa urahisi zaidi.

Na kambini tunaishi karibu karibu. Wewe unayetoka Bukavu unajua moto wa mtaa wenye nyumba zilizobanana. Unajua Nyamugo, unajua Nkafu, pale Kadutu, ambako nyumba za mbao zimeegemeana na moto ukianza kwa mtu mmoja unamaliza majirani kabla hata watu hawajajua unatoka wapi. Tukiwa ng'ambo hii ya mto, moshi huo tumeuona mara nyingi. Katika kambi za Rohingya huko Cox's Bazar, Bangladesh, moto wa tarehe 22 Machi 2021 uliwaacha watu wapatao 45,000 bila makao kwa siku moja. Simaanishi kwamba moto huo ulitokana na bustani. Ninaonyesha tu kasi ya moto mahali penye mianzi, shitingi na nyumba zilizosongamana.

Kwa sababu hiyo, wapangaji wa kambi wana vipimo. Viwango vinavyotumiwa na mashirika mengi ya misaada, vinavyoitwa Sphere, vinasema kati ya jengo na jengo pawe na mita 2 angalau, na bora zaidi umbali uwe mara mbili ya urefu wa jengo. Vinasema pia kwamba kila baada ya mita 300 za nyumba pawe na ukanda usiojengwa wa mita 30, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Labda umepita kwenye ukanda kama huo ukajiuliza kwa nini ardhi nzuri namna hiyo imeachwa wazi wakati watu wamebanana.

Sasa, ardhi ikikaa wazi, watu wanalima. Hilo ni jambo la kawaida, na mahali pengine uongozi wa kambi wenyewe unaruhusu mboga zipandwe humo, bora tu kusiwe na nyumba. Kwangu mimi, mboga mbichi katika ukanda wa kuzuia moto si tatizo. Lengalenga, biringanya, kabichi, matembele yaliyotambaa, vyote vimejaa maji, na moto unavisogelea kwa shida. Tatizo linakuja Julai, mboga zikiwa chache na kati yake kumelazwa nyasi kavu unene wa kiganja, tuta hadi tuta, kutoka nyumba za upande huu hadi nyumba za upande ule. Hapo ukanda uliowekwa kuzuia moto unakuwa daraja la kuuvusha.

Hilo ndilo ninaloomba ulikumbuke kuliko yote leo. Mahali pengine uzembe wa kutandaza utakugharimu bustani yako. Katika ukanda ule unaweza kuwagharimu watu wa upande wa pili ambao hata hamjuani.

(Simameni. Je, kambini kwenu ukanda huo upo? Nani analima humo? Mwezi wa Julai udongo wake unafunikwa na nini?)

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye vitu vyenyewe, maana havifanani.

Nyasi ndefu kavu na majani makavu ya mgomba yanawaka haraka sana, kwa mwali mkubwa, na upepo unayabeba. Huku kando ya Kivu, mchana upepo unapanda kutoka ziwani kuja nchi kavu. Jani la mgomba lililoshika moto linaweza kuruka likatua kwenye paa la jirani. Mashina ya mpunga kutoka mashamba ya Bugarama yako katika kundi hili pia. Ni mazuri kwa udongo, ila yakiwa makavu na yamelala ovyo ni kiberiti.

Majani ya mikaratusi, inturusu kama wanavyosema hapa, ni mabaya zaidi kwa sababu yana mafuta ndani. Yasugue mkononi unuse, utajua. Yanawaka hata yakiwa hayajakauka vizuri, na tena hayaisaidii mboga, kwa hiyo hapa hakuna cha kupima: usiyatumie. Majani ya misonobari, yale membamba kama sindano, nayo yaache. Nchini Marekani wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nevada na washirika wao waliwasha aina 8 za matandazo wakapima kila moja linavyoungua, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo. Kati ya yaliyofanya vibaya kabisa yalikuwa majani ya misonobari na mpira uliokatwakatwa. Kambini sijaona mtu anayetandaza mpira, lakini nimeona matairi ya zamani yaliyogeuzwa vyungu vya mboga na kuegemezwa ukutani mwa nyumba. Tairi likishika moto, maji ya dumu moja hayalizimi. Kama unalo, lisogeze mbali na ukuta.

Halafu kuna kundi la vitu vinavyodanganya. Makapi ya mpunga, unga wa mbao, maranda, maganda makavu ya kahawa. Ukitupia cheche juu yake unaweza usione mwali wowote. Unasema, ah, hiki hakiwaki. Lakini fikiria jiko la unga wa mbao, lile la kopo lililoshindiliwa. Linapika maharage kuanzia asubuhi, na jioni bado ni la moto. Huo ndio moto wa kufukuta. Unatembea chini chini, bila mwali, na moshi wake ni mwembamba sana, kisha usiku upepo ukiongezeka unatokea pembeni, mahali ulipokuta kitu kikavu zaidi. Wale wa Nevada waliona hivyo hivyo: vipande vya mbao vilivyooza kuwa mboji ndivyo vilivyofanya vizuri kuliko vyote, mwali ulikuwa mdogo, lakini navyo vilifukuta, na moto wa namna hiyo unaweza kuendelea bila mtu kuugundua.

Nitaongeza kimoja ambacho watu hawakifikirii. Wapo wanaochota udongo mweusi wa bondeni kujazia magunia ya mboga au kufunika matuta, kwa kuwa unaonekana umenona. Hapa hapa wilayani Rusizi kuna mtambo wa umeme wa Gishoma, wa megawati 15, uliojengwa kuchoma udongo wa namna hiyo, nyiramugengeri. Ni mimea ya kale iliyooza nusu ndani ya maji. Ukiwa umelowa, hauna shida. Ukikauka kabisa juani, ni kuni. Ukiutumia, uchanganye na udongo wa kawaida na usiuache ukakauka.

Kwa hiyo kitu gani kinafaa? Ninachokipenda kuliko vyote ni shina bichi la mgomba. Si majani, shina. Limejaa maji. Likate vipande, lipasue kwa urefu, lilaze kati ya mistari ya mboga upande wa ndani ukitazama chini. Linakauka taratibu, linaipa ardhi unyevu wake, halishiki moto kwa urahisi. Tahadhari moja: usiliweke chini ya migomba yenyewe, maana linavuta fukusi wa migomba. Kwenye mboga halina ubaya. Ukipita kwa mwenyeji aliyevuna ndizi, shina mara nyingi limebaki limelala shambani. Muombe kwa adabu kabla ya kulibeba, kwa sababu wengine wanalishia ng'ombe.

Maganda mabichi ya kahawa kutoka kwenye vituo vya kuoshea kahawa nayo yanafaa, lakini yaache kwanza yaoze kwenye rundo miezi kadhaa, yakiwa mbali na nyumba, kwa sababu rundo linalooza linapata joto ndani. Mboji iliyoiva, nyeusi na yenye unyevu, ni nzuri sana. Magugu uliyong'oa leo, kabla hayajatoa mbegu, yalaze yakiwa mabichi, tabaka jembamba.

Mawe pia. Watu wanacheka nikisema mawe, lakini wakulima wa nchi kavu wametumia mawe tangu zamani. Kokoto au mawe madogo kuzunguka shina la nyanya yanafunika udongo, na unyevu ulio chini yake hautoki upesi. Hayaozi, hayalishi udongo, ila hayaungui kamwe. Kwa tuta lililo karibu na jiko au karibu na ukuta wa shitingi, hayana mshindani.

Na kuna matandazo yanayoota. Panda matembele au maboga yatambae kati ya mimea mirefu. Kivuli chake kinafanya kazi ya nyasi, na majani unayapika. Kwa mtu mwenye nafasi ndogo kama mlango wa nyumba, ningeanza na hayo. Miche ya matembele ni vipande vya mashina, unaomba kwa jirani. Yapande Aprili, mvua ikiwa bado ipo, ili Juni ikifika yawe yameshafunika ardhi.

(Simameni. Kati ya vitu hivi, vipi vinapatikana karibu na kambi yenu bila kununua na bila kugombana na wenyeji?)

(Muziki mfupi.)

Najua mtu ataniambia: mimi nina nyasi kavu tu, nifanyeje? Sawa. Zitumie, ila usizitupe tu jinsi zilivyo. Zikate fupi, urefu wa kidole. Zilowe kwanza kwenye maji uliyooshea mboga au vyombo, yasiyo na sabuni nyingi. Zilaze tabaka la vidole viwili au vitatu, uzikanyage zishikane, kisha nyunyizia juu udongo au samadi iliyooza ili upepo usizipeperushe na cheche isipate hewa. Nyasi zilizoshindiliwa na kufunikwa na udongo kidogo bado zinahifadhi maji, lakini haziwaki kama zile zilizolala wazi. Katikati ya tuta refu acha mahali pa hatua moja pasipo na kitu, udongo mtupu, ili moto ukianza upande mmoja usifike wa pili. Kazi hii ya kulowesha na kukanyaga inachosha, sikudanganyi, lakini unaifanya mara moja kwa wiki kadhaa.

Na usiache nyasi ziguse nyumba. Kutoka ukuta wa shitingi au wa mbao, acha hatua mbili kubwa za udongo uliofagiliwa, kama mita moja na nusu. Kama nafasi yako yote haifiki hatua mbili, basi pale ukutani weka mawe au matembele peke yake. Bustani ya gunia nayo isiegemee ukuta. Gunia lenyewe ni plastiki.

Sasa majivu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona hatari ilipo zaidi kuliko kwenye sigara au kwenye watoto wanaochezea kiberiti. Majivu ni mbolea nzuri, tunayamwaga bustanini kila siku, na tunafanya vyema. Lakini kumbuka bibi zetu walivyolinda moto usiku. Walifukia makaa ndani ya majivu. Asubuhi wanafukua, wanapuliza, moto huo hapo. Majivu yanalinda kaa lisife. Basi majivu ya jana usiku, yanayoonekana meupe na yamepoa, yanaweza kuwa na kaa hai tumboni, na wewe unayamwaga juu ya nyasi kavu kisha unakwenda kwenye foleni ya mgao. Yatie kwanza kwenye shimo au kopo la bati, mwagia maji, koroga kwa kijiti, mwagia tena. Yakishakuwa tope baridi yapeleke bustanini, na yamwage kwenye udongo, chini ya matandazo.

Kambi zimejaribu kupunguza mioto ya wazi. Mahama, kwa mfano, ililetewa gesi ya kupikia. Lakini mgao wa gesi ukichelewa au ukipungua, mbabula inarudi mlangoni, na majivu yanarudi pamoja nayo.

Ukikuta bustani inatoa moshi, usimwage maji juu ukaondoka. Maji ya juu hayafiki chini, hasa kwenye makapi na unga wa mbao. Chukua jembe, tenganisha sehemu inayofuka na nyingine kwa kuchimba mfereji mwembamba hadi udongo mtupu, kisha fukua, tawanya, mwagia, fukua tena. Sogeza mgongo wa mkono karibu, bila kugusa, usikilize joto. Kama hakuna maji, udongo mbichi unatosha: changanya, usifunike tu juu. Rudi baada ya saa moja, na tena kabla ya kulala. Moto ukishashika shitingi ya nyumba, acha bustani, acha na vitu, toa watu kwanza, wazee na watoto, piga kelele majirani wasikie, na mwenye simu apige 112.

Msikilizaji uliyefika Nyarushishi siku hizi, ukingoja kupelekwa Mahama, pengine unasema haya hayakuhusu, huna hata tuta. Mahama ni mashariki, Kirehe, karibu na mto Akagera, na huko ni kukavu kuliko huku kwetu. Utakapopewa nyumba, kabla hujapanda chochote, zunguka uone jirani anapikia wapi, mnamwaga wapi majivu, na ukanda wa kuzuia moto unapita wapi. Kisha chagua mahali pa bustani. Ni rahisi kupanga hayo siku ya kwanza kuliko kung'oa mboga iliyokwisha kukua.

Jambo la mwisho ni kwa viongozi wa vijiji vya kambi na kamati za wakulima. Msingoje Julai. Mwezi wa Mei, mvua ikianza kukatika, pitieni ukanda wa kuzuia moto pamoja na wanaolima humo. Kubalianeni kwamba humo ndani nyasi kavu haziwekwi kabisa: matembele, maboga, mawe, mboji mbichi, basi. Na aliyekwisha kutandaza nyasi humo msimfukuze wala msimng'olee mboga zake. Msaidieni kuzibeba nyasi hizo hadi kwenye rundo la mboji, mzilowe, mchanganye na samadi. Septemba mvua ikirudi, zitakuwa mbolea tayari, na ni haki apewe fungu lake kwanza.

(Simameni. Nani atazungumza na kamati, na lini?)

(Muziki wa kufungia.)